Mashine za leza hazidumu Mtwara: chumvi, salfa au sisi wenyewe?

#1 Mpima wa Shangani
Habari za jioni wadau. Wenye uzoefu wa kusini nisaidieni, au mnisute kabisa.

Nina leveli ya leza ya kuzunguka, ile inayokaa juu ya tripodi na risiva yake, kile kidude kinacholia kikipata mwali, inafungwa kwenye stafu, ule mti wa vipimo. Nilinunua mpya, ina miezi 14. Wiki iliyopita nimetoka nayo Tandahimba, tulikuwa tunasawazisha sakafu ya ghala la korosho. Nilipofika nyumbani roho ikaniambia niipime. Nikaiweka mita 30 kutoka ukutani, risiva ikalia, nikapiga alama. Nikaigeuza nusu mzunguko, ikalia tena, nikapiga alama ya pili. Alama zimepishana milimita 12! Kitabu chake kinasema usahihi ni milimita 1.5 kwa mita 30.

Nikafungua mlango wa betri. Vile vidole vya shaba vinavyogusa betri vimekuwa vyeusi kama tako la sufuria ya kuni.

Hii ni ya pili kunifanyia hivi. Ya kwanza ilifia Mikindani. Wenzangu niliosoma nao Morogoro wako Dodoma na Singida, mashine zao zina miaka sita, saba, zinadunda. Kwa hiyo nasema hivi: pwani hii inakula mashine. Utunze usitunze, chumvi itakufikia tu. Nani anabisha?

#2 Kuchele Kabisa
Nabisha. Sijui nabishia nini lakini nabisha. Naweka mkeka hapa.

#3 Fundi Jipsam, Lindi
Pole mkuu. Mimi si mpimaji, ni fundi wa dari na vigae hapa Mikumbi, natumia leza ndogo ya mistari, ile ya kijani. Nimeua mbili. Ya kwanza chumvi haikuhusika hata kidogo, niliua mwenyewe. Ina kitufe cha kufunga timazi ya ndani. Ukimaliza kazi unasukuma, timazi inabanwa. Nilisahau, nikaitupia kwenye begi, nikapanda boda kutoka Mtanda hadi Ng'apa. Timazi ikawa inagonga huku na huku njia nzima kama kengele ya mbuzi. Tangu siku hiyo mstari unalala upande wa kushoto, na mteja ndiye aliyeona kabla yangu. Aibu yake sitaki kuikumbuka.

#4 Dada Bikoni
Mleta uzi, kwanza hesabu, halafu ndiyo tutafute mchawi.

Ukigeuza mashine nusu mzunguko, kosa linajionyesha mara mbili. Alama ya kwanza iko juu ya mstari wa kweli, ya pili iko chini yake kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo kosa lako ni nusu ya 12, yaani milimita 6 kwa mita 30. Bado ni baya, ni mara nne ya kinachoruhusiwa, ila usitangaze 12.

Pili, umepima upande mmoja tu. Geuza mashine robo, upime na ule upande mwingine. Zile zina mihimili miwili, kila mmoja unaweza kuharibika peke yake.

#5 Mpima wa Shangani
Dada asante, hapo nimekamatwa. Nimerudi kupima sasa hivi. Mhimili wa pili tofauti ni milimita 2 tu, kwa hiyo kosa ni 1, mzima kabisa. Uliougua ni mmoja.

#6 Mzee wa Teodolaiti
Vijana hamjambo. Nimepima ardhi mikoa hii tangu reli ya Nachingwea ikiwa bado inakumbukwa na watu walioipanda.

Mhimili mmoja kuharibika na mwingine kubaki mzima, hiyo si chumvi. Chumvi haichagui upande. Hilo ni pigo. Niambie boksi lilisafirije kutoka Tandahimba. Lilisimama au lililala? Lilikuwa mbele au nyuma? Juu ya nini?

Enzi zetu teodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, ilikuwa na mbebaji wake. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Habebi panga, habebi maji, hachimbi shimo la bikoni. Kwenye gari anakaa na boksi mapajani, na dereva anajua kuna mtu amebeba boksi. Kabla ya kufunga kifuniko unalegeza kidogo vile vibanio vya kuzungusha, ili ikipigwa na bonde izunguke kidogo badala ya kupinda. Skrubu tatu za miguu unazirudisha katikati. Mashine yangu moja nilikaa nayo miaka 19, na humo nilikaa Kilwa minne, mbele kabisa ya bahari.

Sasa hivi mnaweka mashine ya mamilioni nyuma ya pikapu pamoja na matikitimaji.

#7 Mpima wa Shangani
Shikamoo mzee. Haikuwa matikitimaji. Ilikuwa mifuko ya saruji. Boksi lililala ubavu juu yake maana kusimama liligoma. Lami tuliikuta Mnivata, kabla ya hapo tulikuwa kwenye michepuko ya ujenzi, vumbi na mashimo. Lakini boksi ni la kiwandani, lina sponji nene, limetengenezwa kwa ajili hiyo hiyo!

#8 Kuchele Kabisa
Marahaba kwa niaba ya mzee.

Yaani Wajerumani wametoa mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, kule Tendaguru mwaka 1909 mpaka 1913, ikabebwa vichwani na mabegani na babu zetu kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapanda meli, ikafika Berlin na leo imesimama. Wewe na pikapu umeshindwa kufikisha leveli kutoka Tandahimba.

#9 Mlinzi wa Magofu
@Kuchele umeongea kwa utani lakini una hoja. Mifupa ile ilifungwa kwenye mianzi iliyopasuliwa, imepangwa kuzunguka mzigo kama kapu. Berlin mpaka leo wana vifurushi vya mianzi ambavyo havijafunguliwa. Ule ndio ufungaji. Mianzi inanesa, pigo linaishia njiani kabla ya kufika kwenye mfupa.

Na sponji za maboksi yetu? Ibonyeze kwa kidole. Ikichelewa kurudi, imeshakufa, mashine inagonga plastiki moja kwa moja. Mimi yangu nilikuta imeweka shimo la umbo la mashine, kama kitanda cha mtu mnene. Nikakata kipande cha godoro gumu nikajazia.

#10 Bwana Shamba Mstaafu
Naingilia kutoka upande mwingine. Mleta uzi, ulikwenda Tandahimba mwezi gani?

#11 Mpima wa Shangani
Tulianza katikati ya Julai, tukamalizia Agosti mwanzoni.

#12 Bwana Shamba Mstaafu
Ahaa. Basi wote mnatafuta chumvi wakati mwizi yuko shambani. Miezi hiyo mikorosho inapulizwa salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Unga mwepesi, unarushwa kwa bomba la injini, asubuhi wakati upepo umetulia. Unakaa kwenye majani, kwenye nguo, kwenye chai. Salfa ikikutana na shaba au fedha, na unyevu ukiwepo, inazifanya nyeusi. Mke wangu alikuwa na bangili ya fedha, kila msimu wa kupuliza inageuka kama risasi. Vidole vyako vyeusi ni salfa hiyo. Chumvi ikila shaba inaacha ukijani. Angalia rangi.

#13 Dada Bikoni
Hoja ya rangi naikubali nusu. Nimeona shaba ya Msimbati ina ukijani na nimeona nyeusi, kwenye mashine moja. Na vidole vya betri vinaweza kuwa vyeusi kwa sababu nyingine kabisa: betri ikicheza kwenye nyumba yake, mguso unakatika na kurudi, cheche ndogo ndogo zinaunguza. Gari likiruka kwenye mashimo na betri imeachwa ndani, hilo linatokea. Mleta uzi, betri ilisafiri ikiwa ndani ya mashine au nje?

#14 Mpima wa Shangani
Ndani.

Halafu ngoja nikiri jambo. Zile wiki tatu, mashine ilikuwa inalala kwenye stoo ya kijiji maana ndiyo pekee yenye kufuli. Humo mlikuwa na mifuko. Sikuuliza mifuko ya nini. Ilikuwa na unga wa njano njano.

#15 Kuchele Kabisa
🤣🤣🤣 Umeilaza mashine juu ya salfa wiki tatu halafu unakuja kuisingizia Bahari ya Hindi!

#16 Fundi Jipsam, Lindi
Bahari imlipe fidia nani sasa.

#17 Bwana Shamba Mstaafu
Nimemaliza. Sina la kuongeza.

#18 Mzee wa Teodolaiti
Umemaliza ya betri. Ya mhimili hujaigusa. Unga hauwezi kupindisha mhimili.

#19 Nahodha wa Masoko
Watu wa bara mnaidharau chumvi kwa sababu hamjaiona ikifanya kazi. Mimi navusha watu Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Nimevusha wapimaji, wanafunzi, watu wa mambo ya kale. Magofu yale yalishapimwa na skana za leza na watu wa Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ukuta kwa ukuta. Mashine kama hizo zinapita humu humu kwenye mashua.

Kusi ikivuma hauoni maji yakiingia, unaona tu midomo inakuwa ya chumvi. Hiyo chumvi ipo na kwenye mashine. Mpimaji mmoja niliyempenda alikuwa na pipa la bluu la plastiki lenye mfuniko wa kubana kwa pete. Mashine ndani ya boksi, boksi ndani ya pipa, pipa katikati ya mashua limefungwa kamba. Jioni akifika nchi kavu hafuti kwa kitambaa kikavu, maana chumvi kavu ni msasa. Anachovya kitambaa kwenye maji ya mvua, anakikamua mpaka kinakuwa cha unyevu tu, anapitisha mwili wote wa mashine na miguu ya tripodi, halafu ndipo anafuata na kikavu. Vioo havigusi hapo. Vioo anapuliza kwanza kwa kile kipira, kisha pamba safi na tone la spiriti.

Mwingine alikuja na boksi limefungwa kwa kamba ya katani, akaliacha kwenye maji ya chini ya mashua. Akaniambia lina namba ya kuzuia maji. Sijamwona tena.

#20 Mtu wa Kiyoyozi
Namba ya IP imewaponza wengi. 66 maana yake vumbi haliingii na maji yanayopigwa kwa bomba hayaingii. Si ya kuzamisha! Na hiyo ni wakati milango yote imefungwa na raba zake ni nzima. Raba ya mlango wa betri ikishakuwa na punje moja ya mchanga, namba hiyo imekwisha.

Mimi nina nadharia yangu. Adui ni kiyoyozi. Ofisini tunalaza mashine kwenye nyuzi 20. Asubuhi unatoka nje Mtwara ni nyuzi 30 na hewa nzito. Unafungua boksi papo hapo, kioo baridi kinakutana na hewa yenye maji, kinatoa jasho kama chupa ya soda. Nje utafuta. Ndani utafuta na nini? Jasho hilo la ndani likijirudia kila siku, ukungu unaota kwenye lenzi, vile vinyuzi kama utando wa buibui. Ukishaota unakula kioo, hautoki kwa kufuta.

Dawa yake ni kuliacha boksi LIMEFUNGWA kivulini mpaka lizoee. Kitabu cha mashine yangu kinasema dakika mbili kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Nyuzi kumi, dakika 20. Kunywa chai.

#21 Fundi Jipsam, Lindi
Mimi naweka mchele kwenye kitambaa, ndani ya boksi. Unanyonya unyevu.

#22 Mama Fukusi
Na baada ya mwezi unafuga fukusi ndani ya leza. Mchele una vumbi lake la unga, kaka yangu. Rudisha jikoni. Tafuta vile vipakiti vya punje za silika, vinakuja na viatu, na mabegi, vingi vinatupwa. Punje za rangi ya chungwa zikishiba zinabadilika, unazikausha kwenye oveni moto mdogo, zinarudi. Zile za buluu zinazogeuka pinki zina dawa ya kobalti, hizo usizikaange kwenye sufuria ya ugali.

#23 Mzee wa Teodolaiti
Sisi tulikuwa na kabati la mbao lenye balbu moja ndogo chini, inawaka usiku kucha. Joto dogo, hewa inatembea, ukungu hauoti. Na hakuna boksi lililofungwa likiwa na unyevu. Ukirudi na mvua, mashine inatoka, sponji inatoka, vyote vinaanikwa ndani kivulini, si juani, mpaka kesho yake.

Na wewe mleta uzi, kule Newala na Tandahimba asubuhi za Julai kuna ukungu mtu haoni mkorosho wa pili. Stafu inatiririka umande. Mlikuwa mnafunga boksi saa ngapi?

#24 Mpima wa Shangani
Jioni mzee, kukiwa kukavu. Ila asubuhi tulikuwa tunaanza mapema, saa moja, mashine inalowa, halafu jua linaikausha yenyewe.

#25 Mzee wa Teodolaiti
Inajikausha nje.

#26 Nguvu ya Tripodi
Wote mnazunguka. Angalieni tripodi. Za alumini bolti zinalegea, kile kichwa kinacheza. Mtu anapeleka mashine kwa fundi analipa laki kadhaa kumbe ilikuwa bolti ya kukaza na ufunguo wa eleni. Inua tripodi kwa kichwa chake, miguu ikiwa imefunguliwa. Miguu ikijikunja yenyewe, imelegea. Inatakiwa ibaki ilipo.

#27 Dada Bikoni
Hicho kipimo cha miguu ni kizuri, kila mtu akakifanye leo. Lakini leveli ya leza inajisawazisha yenyewe. Tripodi ikiegemea kidogo, timazi au kompenseta ya ndani inarekebisha. Kulegea kwa tripodi kunaleta kushuka kwa mashine nzima, hakuleti mteremko wa upande mmoja.

#28 Nguvu ya Tripodi
Na ukiigeuza kupima upande wa pili, tripodi ikashuka milimita 5 wakati unaigeuza? Utasoma nini ukutani? Utasoma tofauti. Utaita mteremko.

#29 Dada Bikoni
Hapo umenipata. Ndiyo, kipimo chake kingeweza kuharibiwa hivyo. Mleta uzi rudia ukiwa umeiweka juu ya meza ya zege au kitu kisichoshuka.

#30 Mzee wa Teodolaiti
Hata hivyo kwa lile ghala asiwe na wasiwasi. Kama aliweka mashine katikati, kosa linafutika. Ndiyo kanuni ya leveli, weka katikati.

#31 Dada Bikoni
Mzee wangu shikamoo, samahani, hiyo ni kanuni ya leveli ya darubini. Ile darubini unaigeuza nyuma na mbele, inakwenda na kosa lake pande zote, likiwa juu huku linakuwa juu na kule, ukitoa linafutika. Leza ya kuzunguka inachora sahani. Sahani ikiinama, upande mmoja uko juu na wa pili uko chini. Ukikaa katikati ndiyo kosa linajumlishwa. Ghala la mita 40, kosa la milimita 6 kwa 30, mwisho mmoja umepanda 4, mwisho wa pili umeshuka 4. Tofauti 8.

#32 Mzee wa Teodolaiti
Kuna na kosa la koni, mwali ukiwa unaangalia juu kidogo pande zote. Hilo linafutika. Kwa hiyo sikukosea lote. Nimekosea nusu.

#33 Dada Bikoni
Nusu naipokea mzee. 🙏

#34 Kuchele Kabisa
Ghala la nani hilo? Korosho zisije zikajikusanya kona moja.

#35 Mpima wa Shangani
Milimita 8 kwa mita 40 hata maji ya kuoshea hayataiona. Ila mimi nimeiona, silali.

#36 Kijana wa Droni
Mnahangaika na leza mwaka huu? Chukua RTK, kile kipimio cha satelaiti, dakika tano kazi imekwisha. Hakuna timazi, hakuna kuvunjika.

#37 Dada Bikoni
Njoo nayo chini ya mikorosho ya Nanyamba, tukukute saa nane mchana unasubiri mashine itulie. Na sakafu ya ghala kwa RTK unaipata sentimita moja, mbili kwa urefu wa juu. Sisi tunalia na milimita 6 wewe unaleta sentimita.

#38 Siti Namba Saba
Kuhusu kusafirisha. Mimi natoka Mtwara kwenda Dar kwa basi mara nyingi, nimebeba totali stesheni, mashine ya kupimia pembe na umbali. Buti sipeleki. Buti la basi lina joto, na mizigo inapangwa na mtu aliyelala masaa mawili. Nimewahi kukuta gunia la samaki wakavu juu ya boksi langu. Kwa hiyo nakata siti mbili. Konda siku ya kwanza akauliza, "Abiria wa siti ya nane yuko wapi?" Nikamwonyesha boksi la njano, limefungwa mkanda. Akalitazama, akasema, "Huyu nauli ya mtu mzima?" Nikalipa ya mtu mzima. Somanga tulipokwama ule mwezi wa tano 2024, baada ya kimbunga Hidaya barabara kukatika, abiria wa siti ya nane ndiye pekee aliyekuwa hapigi kelele.

#39 Fundi Jipsam, Lindi
Abiria mstaarabu.

#40 Mlinzi wa Magofu
Boksi la njano nalo lina kesi zake vijijini. Nilikuwa Nachingwea, tukasimamisha mashine karibu na bikoni ya zamani, zikaanza habari kwamba tunatafuta rupia za Mjerumani. Usiku mtu akaja kuchimba bikoni. Asubuhi tukakuta shimo na zege limepasuliwa. Mashine nzima, alama hakuna.

#41 Kuchele Kabisa
Kwa hiyo tuongeze kwenye orodha: chumvi, salfa, pikapu, umande, tripodi, kiyoyozi, na rupia.

#42 Chenimani
Mimi nabeba mashine na nimesoma uzi wote. Mabosi mnasema mbebaji, mbebaji. Bosi ndiye anayeniambia "hamisha hivyo hivyo na tripodi begani, tunachelewa." Mashine ikiwa juu ya tripodi, tripodi begani imelala, mashine inaning'inia nyuma yangu kama mkia. Nikijikwaa kosa ni langu.

#43 Mzee wa Teodolaiti
Kijana huyo apewe soda. Ishushe, iweke kwenye boksi, hamia kituo kingine. Kila mara.

#44 Mtu wa Kiyoyozi
Mzee, kitabu changu kinaruhusu kuibeba juu ya tripodi kwa mwendo mfupi, ila miguu ya tripodi iwe imepanuliwa imekupita begani mbele na nyuma, mashine ibaki wima. Si kulaza.

#45 Mzee wa Teodolaiti
Walioandika kitabu hawajapita kwenye visiki vya mihogo.

#46 Chenimani
Nashukuru mzee. Soda naipokea kwa njia ya simu.

#47 Betri Tu
Nyongeza kuhusu betri kabla hamjasambaa. Usiache betri kwenye mashine. Usichaji mpaka iishe kabisa.

#48 Dada Bikoni
Ya kwanza sawa. Ya pili ni ya betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Hizi za lithiamu kuzimaliza kabisa ndiyo kuziua. Kama mashine itakaa miezi, mfano masika yote huna kazi, iache betri nusu, nje ya mashine, mahali pasipo na joto. Kwenye dashibodi ya gari saa saba mchana isikae hata dakika kumi.

#49 Betri Tu
Na kwenye ndege hawaruhusu.

#50 Siti Namba Saba
Wanaruhusu. Betri za akiba za lithiamu zinapanda na wewe kwenye begi la mkononi, haziendi kwenye mizigo ya chini. Chini ya watisaa 100 hazina shida. Betri ya kawaida ya mashine, volti 7.4 mara ampeasaa 5.6, ni kama watisaa 41. Funika ncha zake kwa utepe zisigusane na funguo.

#51 Mpima wa Shangani
Wadau nimerudi. Leo jioni nimefanya kama mlivyosema. Nimeweka mashine juu ya ukingo wa kisima cha zege hapa nyumbani, bila tripodi, nikasubiri nusu saa. Tofauti imekuwa milimita 7, si 12. Kosa ni 3.5 sasa. Tripodi nimeiinua kwa kichwa, mguu mmoja umejikunja taratibu kama mgonjwa.

Vidole vya betri nimefuta kwa raba ya penseli, vya pembeni viwili vimetoka weusi, vya kati vilikuwa safi tangu mwanzo. Kwenye kona ya mlango wa betri, raba ya kuzuia maji ilikuwa na unga wa njano na punje za mchanga. Nimelamba kidole. Kuna chumvi pia.

#52 Bwana Shamba Mstaafu
Umelamba salfa?

#53 Nguvu ya Tripodi
Milimita 5 kati ya 12 zilikuwa za tripodi. Naomba heshima yangu.

#54 Mzee wa Teodolaiti
Na 7 zilizobaki ni za mifuko ya saruji.

#55 Nahodha wa Masoko
Chumvi imekutwa kwenye eneo la tukio.

#56 Mtu wa Kiyoyozi
Kwani ya Mikindani, ile ya kwanza, ilikuwa inalala chumba chenye AC?

#57 Mpima wa Shangani
Ndiyo. Na chumba chenyewe kilikuwa hatua hamsini kutoka baharini. Na kulikuwa na paka anaikalia. Siwezi kusema kitu.

Hii itaenda Dar kwa fundi ikapimwe vizuri. Naikatia siti.

#58 Fundi Jipsam, Lindi
Usisahau kutoa betri.

#59 Mkaazi wa Ligula
Samahani kwa kuingilia, nina boksi tupu la leveli ya leza, sponji nzima, komeo zote zinafunga. Niko Ligula.

#60 Kuchele Kabisa
Mashine yake iko wapi?

#61 Mkaazi wa Ligula
Ilianguka ikiwa nje ya boksi.

#62 Mpima wa Shangani
Bei?

#63 Mkaazi wa Ligula
Njoo PM.